Kwa Nini Ndege Haikushuka Kasongo

Lubumbashi, mtaa wa Kampemba
Jumanne, baada ya sala ya alasiri

Mama Zaina, mwenzangu,

Salaam aleikum. Salamu hizi zianze kwako, zizunguke nyumba nzima, zimfikie mama pale anapoketi kuchambua mchele, kisha zirudi kwako tena. Vipi mguu wako? Uliniambia tangu mvua zilipoanza unakuuma ukipanda kutoka mtoni. Na kifua cha mama kimetulia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Mengine nitayafikia.

Barua yako nimeipata Ijumaa kwa mkono wa yule mchuuzi wa mawese, aliyekaa majuma matatu njiani kwa lori na kwa mashua. Nilikuwa nimezoea barua zako za kurasa mbili, zenye habari za kuku na za majirani. Hii ilikuwa na mistari michache tu. Umesema mlikwenda uwanja wa ndege tangu asubuhi, wewe na Zaina na kaka yangu Amisi, pamoja na watu wa upande wa bwana harusi. Mlibeba viti kutoka nyumbani. Mlikaa mpaka jua likageuka, mkarudi. Ndoa ya binti yetu ikafungwa jioni, Amisi akasimama mahali pangu. Halafu ukaandika: "Watu wanasema una nyumba nyingine huko. Mimi sisemi. Nauliza tu ulikuwa wapi."

Swali lako ni la haki. Nitakujibu toka mwanzo, bila kuruka, hata pale ambapo jibu linaniaibisha.

Nyumba nyingine sina. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Kyungu, mjane wa mtu wa reli, Mkatoliki wa huko Kongolo. Ni mama wa makamo, ana wajukuu saba, ananipikia bukari, ugali wa huku, kwa sababu anasema mwanaume akijipikia anakula mbichi. Ukitaka kumwonea mtu wivu Lubumbashi, mwonee meza yangu ya redio sokoni, maana hiyo ndiyo inayoniona kutwa nzima.

Basi sikiliza. Kiangazi kilipokuwa kinakaribia kwisha, alikuja mezani kwangu mtu mmoja anaitwa Kalenga. Sitwayeni Kalenga, yaani mwananchi, kama tunavyotakiwa kuitana siku hizi. Ni mfanyabiashara wa samaki wa Kilwa ya huku ziwani na wa mchele, mtu mnene, viatu vyake havijui vumbi. Alisimama akitazama nikilehemu waya wa redio ya mtu, kisha akasema:

"Fundi, banasema weye unajua redio ya kila namna."

"Najua zile nilizozifungua, patron."

"Ya ndeke ulishafungua?"

"Bado."

"Basi utafungua. Miye niko na ndeke."

Nilifikiri ananichekesha. Lakini kesho yake alinipeleka kwenye uwanja mdogo wa ndege, na kweli ilikuwapo. Ilikuwa ya mzungu mmoja mkulima wa Lukafu, aliyeondoka nchini akaiacha chini ya kibanda cha mahindi. Viti vinne, injini moja, mabawa yako juu kama paa la baraza. Kuku walikuwa wametagia ndani yake miaka sijui mingapi. Nyuma ya kiti cha rubani nilitoa manyoya ya kujaza mto. Injini ilikuwa imekwisha kutengenezwa na fundi mwingine, ikaruka mpaka hapa vizuri. Ila mkaguzi wa ndege alikuwa amekataza isibebe watu wala mizigo. Alisema ni lazima iwe na redio ya kusemezana na watu wa chini, na iwe na radiokompa.

Radiokompa nikueleze, maana ndiyo habari yote. Ni chombo chenye sindano kama ya saa. Rubani akikifungua kwenye stesheni ya redio iliyo mbali, sindano inageuka yenyewe na kutazama upande ule sauti inakotoka. Hata kama chini kuna mawingu, hata kama haoni mto wala msitu, anaifuata sindano anafika. Mwenye ndege ya zamani bila chombo hicho anaruka siku za jua tu, na wewe unajua mbingu ya kwetu ilivyo wakati wa mvua.

Kalenga akaniambia, "Mupya inatoka Ulaya. Nilishauliza. Bei yake inapita ya ndeke yenyewe. Utanitafutia ya zamani, lakini yenye kuwa na roho."

Nikamuuliza, "Ndege ikikubaliwa, itakwenda wapi kwanza?"

"Kasongo. Kule muchele iko mingi na bantu ya kuinunua haba."

Mama Zaina, alipotaja Kasongo, mkono wangu ulikwenda mfukoni. Barua yako ya kunieleza kwamba Zaina ameposwa na kijana wa fundi cherehani, na kwamba siku imekwisha kuwekwa, ilikuwa ndani ya mfuko wa shati langu wakati uleule. Treni ya kwetu ilikuwa haipiti. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu njia zote, na kila njia ilinifikisha baada ya harusi. Nikamwambia Kalenga kwamba kazi yangu sitaki anilipe. Nataka kiti.

Alicheka, lakini alinipa mkono. "Safari ya kwanza, kiti ni yako."

Ndipo nikakuandikia kwamba nakuja kwa ndege. Nimejuta kukuandikia mapema hivyo. Lakini nilipokuwa naandika sikuweza kujizuia. Miaka sita, Mama Zaina. Zaina nilimwacha akinibebea begi mpaka kivukoni, akilalamika kwamba begi ni zito. Sasa ni mke wa mtu.

Kazi nilianza kwa kutoa. Redio iliyokuwamo ilikuwa nzito kama mbuzi aliyeshiba, ndani imejaa taa za vioo, na ilikuwa na mota yake ya kuipa umeme iliyoweza kumaliza betri kabla injini haijawashwa. Nikaitoa yote. Waya zilikuwa za zamani, zile zinazovikwa kitambaa. Ukizikunja kidogo kitambaa kinapukutika mkononi. Nikazitoa zile zilizochoka nikaacha zilizo nzima, maana waya mzuri hapa hauokotwi. Dira ya maji na saa ya mwinuko sikuvigusa, vilikuwa vinafanya kazi. Matundu yaliyobaki kwenye ubao wa mbele niliyaziba kwa bati la sufuria kubwa ya karamu iliyotoboka, nikalipiga msasa mpaka likang'aa. Rubani alipoliona akaniuliza kama tutaruka au tutapika.

Huyo rubani jina lake Ilunga. Baba yake alifanya kazi mgodini mpaka akastaafu, lakini yeye mwenyewe alikuwa akimwendesha yule mzungu wa Lukafu miaka mingi, na alipoondoka mzungu, Ilunga alibaki akiifuta ndege vumbi ingawa hakuna aliyemlipa. Ni mtu wa maneno machache. Tulifanya kazi pamoja siku nyingi, na nikampenda.

Vyombo nilivipata Sakania. Nilipanda treni mpaka kule mpakani, kwa mtu mmoja anayevuka kutoka Ndola na vitu vilivyotolewa kwenye ndege zilizokufa. Nilikuwa nimechukua betri ya gari begani. Nikafunga nyaya palepale mlangoni pake, nikafungua radiokompa, ikaniimbia wimbo wa Kibemba kutoka ng'ambo, na sindano ikageuka taratibu ikatazama Zambia. Nikageuza antena, sindano ikaifuata. Nilishusha pumzi. Nikachukua hiyo, pamoja na redio ya kusemezana, ya transista, ambayo unaibeba kwa mkono mmoja.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Antena ya radiokompa inakaa chini ya tumbo la ndege, ndani ya kifuniko kama bakuli lililofudikizwa, na pembeni mwa kifuniko kuna mpira unaozuia maji. Niliuona mpira ule siku ileile pale Sakania. Ulikuwa umekauka, una nyufa. Nikajisemea nitaubadilisha. Nilipofika Lubumbashi sikupata mpira unaofaa, na siku zilikuwa zinakwenda, na kila nikilala nahesabu zilizobaki kabla ya harusi. Nikaupaka lami. Fundi hafanyi hivyo. Kama ningekuwa natengeneza redio ya jirani nisingefanya hivyo. Lakini nilikuwa na haraka ya kukuona, na haraka ile niliiita kazi.

Baada ya kufunga kila kitu, kulikuwa na taabu nyingine. Injini ikizimwa, sindano inatazama stesheni. Injini ikiwashwa, sindano inageuka kuitazama injini yenyewe, kwa sababu jenereta ilikuwa inapiga kelele ambazo sikio halizisikii lakini chombo kinazisikia. Nilihangaika siku nne. Mwisho nikatoa kondensa, kidude cha kuzuia kelele, kwenye lori bovu, nikaifunga kwenye jenereta, na nikaunganisha vipande vya mwili wa ndege kwa waya mnene wa shaba, maana shaba ndiyo kitu kisichokosekana mji huu. Kelele ikaisha. Mimi na Ilunga tukachora mistari ya majivu kwenye majani, tukaizungusha ndege kwa kuishika mkia, tukiandika kila mahali sindano inakosea kwa kiasi gani. Ilikosea kidogo tu. Ilunga aliandika makosa yale kwenye kadi akaibandika mbele ya kiti chake.

Jioni ile jua lilikuwa linatua. Ilunga alikuwa anafunga milango, mimi nimebaki ndani na spika za masikioni. Nikawa natafuta stesheni tu, kwa kucheza. Nikaikamata Bukavu. Alikuwa mwanamke anasoma salamu za wasikilizaji, kwa Kiswahili chetu cha kule, si hiki cha Lubumbashi. Anamsalimu fulani wa Kindu, fulani wa Kibombo, fulani wa Kasongo. Nilimsikia akiitamka Kasongo kama tunavyoitamka sisi. Na sindano ikageuka, Mama Zaina, ikatazama kaskazini, kwenu. Ikawa inatetemeka, inakwenda kushoto inarudi, lakini haiondoki upande ule. Nilikaa pale mpaka Ilunga akaja kugonga kioo.

"Jua ikitua, usisadiki stesheni ya mbali," aliniambia. "Saa ile sindano inakuwa kama mulevi."

"Najua," nikamjibu. "Leo siendi popote. Natazama tu."

 Alisimama nje akanisubiri.

Zikabaki siku mbili kabla ya harusi. Mkaguzi alikuwa ametuachia karatasi: rubani atie sahihi, na fundi aliyefunga vyombo atie sahihi kwamba vinafanya kazi, ndipo ndege iruhusiwe. Ilunga alikwisha kutia yake. Mimi karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilitaka kuitia sahihi baada ya kukagua mara ya mwisho.

Siku hiyo mchana ilinyesha mvua kubwa, ya kwanza kubwa tangu ndege ikamilike. Ilipokatika nilikwenda uwanjani peke yangu. Nikafungua radiokompa kwenye stesheni ya hapa mjini. Sauti ikaja safi. Sindano ikageuka, ikasimama imara bila kutetemeka hata kidogo. Nilifurahi. Kisha nikatazama vizuri nikaona imeelekea kusini, upande wa Sakania, na stesheni ilikuwa nyuma yangu kabisa.

Nilizima nikawasha. Ikasimama palepale. Nikasubiri jua likaushe tumbo la ndege, kama saa moja hivi, nikafungua tena: sindano ikarudi mahali pake kama kwamba haijafanya kitu. Nikachota maji kwa birika la mlinzi wa uwanja, nikalala chini ya ndege, nikamwagia kile kifuniko pembeni, pale nilipopaka lami. Nikapanda kutazama. Sindano ilikuwa inageuka polepole kuelekea kusini, ikatulia.

Chombo kikifa, rubani anajua kimekufa, anatafuta njia nyingine. Hiki hakikufa. Kilikuwa kinatazama upande usio wake kwa utulivu, na sauti kwenye masikio ilikuwa safi, na mtu aliye ndani ya mawingu angekisadiki.

Hakuna aliyeniona, Mama Zaina. Mlinzi alikuwa amelala. Nilishuka nikakaa juu ya gurudumu nikiwa na birika mkononi. Nilijisemea kwamba pengine mvua haitanyesha siku ile. Nilijisemea kwamba Ilunga anaijua nchi, ataufuata mto. Nilijisemea mengi, na yote yalikuwa na maana. Nakuambia haya kwa sababu umeniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa pale.

Niliporudi Kampemba Mama Kyungu aliona uso wangu akaniuliza. Nikamweleza. Alifikiri kidogo, akasema, "Baba Zaina, mutoto anaolewa mara moja. Tia ile sahihi yako, wende. Mungu anaona." Akaniwekea bukari. Sikumlaumu. Angekuwa mtu mwingine anayeuliza, pengine hata mimi ningemjibu hivyo.

Asubuhi yake Kalenga alikuja uwanjani na magunia ya chumvi na majora ya vitenge, apakie kwa safari ya kesho. Nilimwambia mbele ya Ilunga. Nikamwagia maji wakaona wenyewe.

Kalenga aligusa maji yale kwa kidole. Kisha akasema, "Fundi, ni weye mwenyewe uliniambia iko muzuri."

"Nilikuambia, patron. Nilikosea. Mpira niliuona tangu Sakania nikaupaka lami."

"Juu ya nini?"

"Kwa haraka ya kwenda kwetu."

Alitazama mbingu. Ilikuwa safi. "Unaona mvula hapa?"

"Hapa sioni. Huko mbele sijui."

Akamgeukia Ilunga. "Weye unasema nini?"

Ilunga alikuwa amechuchumaa akitazama kile kifuniko. Akasema, "Nitafuata reli mpaka nikute mto, halafu nitafuata mto. Nilishafanya zamani na muzungu. Nikiona mawingu, nitarudia."

"Basi," Kalenga akasema. "Rubani anaenda. Njo weye tu unakataa?"

Nadhani hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kote. Kama Ilunga angekataa, ningejificha nyuma yake. Nikamwambia Ilunga, "Mawingu yakikufunga nyuma pia, huwezi kurudi, utaifuata sindano. Hutakuwa na kitu kingine." Akainuka, akajipangusa mikono. Nikamwambia Kalenga kwamba karatasi inataka jina langu chini ya maneno kwamba chombo kinafanya kazi, nami nimekiona hakifanyi. Nikaitoa karatasi mfukoni, nikaiweka juu ya gunia la chumvi, bila sahihi.

Kalenga hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Nilitafuta fundi, nikapata mutu ya harusi." Akawaambia watu wake warudishe magunia kwenye gari.

Nilifanya kazi siku ile yote kujaribu kuikausha. Nilipofungua kifuniko nikakuta waya mwembamba wa antena umeshika kutu ya kijani, umeliwa mahali pawili. Ilihitaji kuzungushwa upya wote. Nilijua hapo kwamba sifiki. Nikaenda mbio kwa mapadri wenye redio ya kuitana na misheni za mbali, nikawaomba wawaambie watu wa Kasongo wawape ninyi habari msije uwanjani. Padri aliita, akaita tena. Kasongo haikujibu. Aliniahidi atajaribu asubuhi, na alijaribu nikiwa nimesimama pembeni yake. Ilikuwa kelele tupu.

Kwa hiyo saa ile mlipokuwa mnabeba viti, mimi nilikuwa najua mnabeba viti.

Nilirudi uwanjani, sijui kwa nini. Nilikaa kwenye kivuli cha bawa. Na siku ile, Mama Zaina, toka jua linachomoza mpaka linatua, mbingu ya Lubumbashi haikuwa na wingu hata moja. Ilunga alikuja mchana akakaa karibu nami. Tulitazama juu wote wawili.  Alasiri ilipofika nilitandaza koti nikasali, nikamwombea Zaina na mumewe maneno yote ambayo baba husema, na mengine ambayo nadhani baba huwa hawasemi kwa sauti mbele ya watu.

Ilinichukua majuma matatu kuizungusha ile antena upya. Waya mwembamba kama unywele niliupata kwenye mota ya feni bovu. Mpira mpya niliukata kutoka tyubu ya lori, mpya kabisa, nikaukaza kwa skrubu mpya. Nilimwagia maji kwa birika, kisha kwa ndoo, kisha nikaiacha ndege nje kwa mvua mbili nzima. Sindano ikatazama inapopaswa. Nikatia sahihi yangu.

Safari ya kwanza ikawa ya Kilwa, kuleta samaki. Ilunga alikutana na mvua njiani akarudi salama, akaniambia sindano haikutikisika. Hakunisifu, wala haikuwa kitu cha kusifiwa. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Nilipomkumbusha Kalenga habari ya kiti, alisema, "Tulisema safari ya kwanza. Safari ya kwanza ilishapita, na hukuomba kiti ya Kilwa." Ni kweli, ndivyo tulivyosema. Sikubishana. Nilikuwa nimemharibia biashara yake kwa lami yangu. Na kweli hajaniletea neno baya sokoni. Juzi alimtuma mtu kwangu na redio ya nyumbani kwake.

Alhamisi hii ndege inakuja Kasongo. Imejaa chumvi na vitenge, na kiti cha mbele atakaa mpimaji wa mchele. Barua hii ataileta Ilunga. Ni mrefu, ana kovu kidevuni. Mkaribishe, mpe chakula, usimuulize mengi maana hatajibu. Lakini ukimuuliza kama nina nyumba nyingine Lubumbashi, nadhani hilo atalijibu.

Nimempa pia kifurushi. Kitenge cha bluu ni chako. Cha njano ni cha Zaina, nilikuwa nimekinunua nimpe kwa mkono wangu. Miwani ni ya mama. Ajaribu, ikimfaa nashukuru, isipomfaa nitabadilisha.

Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia nakuja lini, nikaona nisifanye kosa lilelile mara mbili. Treni ikianza kupita tena nitaomba nafasi kama watu wengine, nami nitakuambia nikiwa nimekwisha kushuka. Usiku nikilala huwa napanga nyumba yetu kichwani: mlango, mtungi, kitanda, ule ufa wa ukuta. Siku hizi nikifika kwenye chumba cha Zaina nasimama, sijui kama umekiacha kama kilivyokuwa au umeweka mchele.

Nisalimie mama yangu, mwambie dua zake zinafika. Nisalimie kaka yangu Amisi. Mwambie namshukuru kwa kusimama mahali pangu, na kwamba sitamaliza kumshukuru. Nisalimie mama mkwe wangu na shemeji zangu wa ng'ambo ya mto. Msalimie fundi cherehani, ambaye sasa ni mkwe mwenzangu na bado hatujaonana uso kwa uso, umwombee kwangu radhi kwa vile viti vilivyokaa bure juani. Msalimie mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye bila shaka ndiye aliyesoma khutba. Mkwe wangu mwambie namtambua kwa jina tu, na jina hilo nalitaja kila sala.

Ulipokuwa unaandika ulikuwa na hasira, kwa hiyo hukunieleza harusi. Sasa nakuomba unieleze. Kama mvua ilinyesha kwenu siku ile au haikunyesha, usiniandikie. Nimejaribu kutoulizia, na sitaki kujua. Niandikie tu Zaina alipotoka nyumbani kwetu jioni ile: aligeuka kutazama nyuma, au alikwenda moja kwa moja?

Ni mimi mumeo, anayekukumbuka bila kupumzika,

Asumani, Baba Zaina